Ukanda Wenye Wino

Katika kile kiwanda cha uchapaji, hadithi ilipimwa kwa chai. Ukiimaliza kabla chai haijapoa, hiyo ni hadithi. Chai ikipoa nawe bado unasoma habari za mawingu, hiyo ni hotuba, na hotuba wafanyakazi walizipata bure kwa msimamizi kila asubuhi.

Kipimo hicho kilikuwa cha Kisu. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho na kwenye daftari la mahudhurio. Kwa watu alikuwa Kisu, kwa sababu miaka thelathini na minane alikuwa amesimama mbele ya mashine ya kukatia karatasi, anapanga rundo, anafunga kibano, anakanyaga, kisu kinashuka. Vitabu vilimfikia vikiwa na kingo zimechakaa kama nywele za mtu aliyetoka usingizini, vikaondoka mikononi mwake vimenyolewa.

Kila Jumatatu alichagua hadithi moja fupi. Nusu ukurasa, ikizidi sana ukurasa mmoja. Aliitoa kwenye karatasi zilizoharibika mtamboni, zile zilizopakaa wino au zilizopigwa chapa mara mbili, akaibandika ubaoni karibu na birika. Juu yake aliandika neno moja kwa penseli: Soma. Akikosa nzuri, ubao ulikaa mtupu wiki nzima. "Bora njaa kuliko kula kilichochacha," alisema.

Mpinzani wake mkubwa alikuwa Mama Gundi, mwanamke aliyebandika majalada meza ya pili. Gundi ilimkaukia vidoleni, naye alikuwa na tabia ya kuimenya taratibu huku akiongea, kama mtu anayemenya kiazi.

"Ya wiki hii mbovu," alisema siku moja. "Mwanamume anarudi nyumbani, anakuta mlango umefungwa. Basi. Umefungwa na nani?"

"Hapo ndipo penyewe."

"Hiyo si hadithi, Kisu. Huo ni mlango."

Watu walicheka, na Kisu alicheka nao, lakini hakuwahi kubandua hadithi kwa sababu ya kicheko. Kwa mambo ya nusu ukurasa hakumwogopa mtu. Mambo mengine yote aliyaachia waliosoma.

Yeye hakusoma. Aliishia shule ya msingi, na wala hakuiacha yeye, iliachwa kwa niaba yake. Akiwa na miaka kumi na miwili alivunjika mguu, ukamlia mwaka mzima, mdogo wake akamkuta darasani. Wakafanya mtihani wa mwisho pamoja, chumba kimoja, mistari miwili ya madawati katikati yao. Baba yao alishasema mapema: uwezo wake ni wa mtoto mmoja. Wakifaulu wote, mkubwa atatangulia, mdogo atasubiri. Majibu yalipofika, barua zikitumwa kwa waliofaulu tu, mdogo alitumwa posta kwa kuwa ndiye mwenye mbio. Alirudi na barua moja, yenye jina lake. Baba aliisoma amesimama, akaikunja, akawatazama.

"Huyu amefaulu," alisema. "Huyu mwingine ana mikono mizuri."

Ikawa ndiyo salamu ya nyumba. Akija mgeni, baba aliwatambulisha hivyo hivyo, mpaka alipokufa. Mikono mizuri ilipelekwa kiwandani mwezi ule ule, ikaanza kwa kufagia vipande vya karatasi, na mshahara wake wa kwanza ukaenda kwenye ada ya aliyefaulu. Kisu hakulalamika. Mtu aliyeanguka mtihani atamlalamikia nani?

Mdogo wake alisoma mpaka vitabu vikachoka. Sasa alikuwa mhadhiri wa chuo kikuu na nyumbani wote walimwita Daktari. Mama Gundi aliposikia kwamba Kisu ana mdogo wake daktari, aliuliza kama anaweza kumtazama goti.

"Si wa sindano," Kisu alimwambia. "Ni wa maneno."

"Aa. Hao wanaumiza zaidi."

Mwaka huu Daktari aliandika kitabu cha hadithi fupi sana, arobaini na mbili, hakuna iliyozidi ukurasa. Akakileta kiwandani kwa kaka yake. Kisu alifurahi, ila hakuonyesha. Alimuuliza tu, "Zinaisha kabla ya chai?" Daktari akacheka, akasema, "Wewe ndiye utakayeamua, kaka."

Siku moja kabla ya kupiga chapa, Daktari alirudi mbio mbio na karatasi ya kusahihisha mkononi. Aliongea na mpangaji kurasa, akaandika kitu kwa kalamu chini ya ukurasa mmoja, akaondoka. Alipita mbele ya mashine ya kukatia bila salamu, kama mtu aliyeacha jiko linawaka. Mpangaji kurasa alinung'unika kwamba ukurasa umeshajaa. Namba za kurasa zilikuwa juu, kwa hiyo mstari ule mpya akausukumiza chini kabisa, chini ya mahali kurasa nyingine zote zilipoishia. Akanywa maji yake, akaenda zake. Hakumwambia mtu.

Sasa, mkataji ana sheria moja. Ukikata rundo la kwanza, okota ukanda ulioanguka, utazame. Ukanda mweupe, endelea. Ukanda wenye wino, simama, umekula maneno ya mtu. Miaka thelathini na minane Kisu alitazama ukanda wa kwanza, hata wa vitabu vya risiti. Lakini siku ile vitabu vilitoka kwenye gundi saa sita, na uzinduzi ulikuwa saa kumi. Msimamizi alisimama nyuma yake akigonga kioo cha saa kwa ukucha. Na kitabu kilikuwa cha mdogo wake. Kisu hakutaka mdogo wake asimame mbele ya watu mikono mitupu. Alipima kwa ukurasa wa kumi, ukurasa kama kurasa nyingine, akafunga kibano, akakanyaga. Akakata nakala mia tano bila kuinama.

Gari lilipoondoka na vitabu, walianza kufagia. Mama Gundi alikuwa akisukumiza kanda za karatasi kwenye gunia, akasimama.

"Kisu. Ukanda una wino."

Alidhani anamtania. Akaupokea. Ulikuwa upana wa kidole, na katikati yake maneno matatu: *Barua zilikuwa mbili.*

Kuna nakala moja ilibaki kwa sababu jalada lake lilichanika. Kisu aliifungua juu ya meza na kufuata kurasa moja moja, akitafuta mahali palipopungukiwa. Alipata ukurasa wa arobaini na moja. Hadithi ilikuwa hii:

*Kulikuwa na ndugu wawili na begi moja. Baba alisema begi litabebwa na mmoja. Mdogo alitumwa posta kuchukua majibu ya mtihani, akarudi na barua yenye jina lake. Mkubwa aliomba aisome, akaisoma kwa sauti mara mbili, ili mama asikie vizuri. Siku ya safari mkubwa alilibeba begi mpaka kituo cha basi, akalipandisha juu, akalifunga kamba kwa mafundo matatu. "Soma na sehemu yangu," alisema. Basi lilipoondoka mdogo aligeuka. Mkubwa alikuwa bado amesimama palepale, anapunga mkono.*

Hapo ukurasa uliisha. Kisu akausogeza ule ukanda chini yake. Kingo zilikutana kama vipande vya sahani moja.

*Barua zilikuwa mbili.*

Alikaa juu ya rundo la makaratasi magumu ya majalada. Hakulia. Kilichomjia kilikuwa kitu kidogo cha kijinga: viatu. Mdogo wake aliporudi kutoka posta siku ile, viatu vilikuwa vimelowa mpaka kwenye kamba, na mvua haikuwa imenyesha. Nyuma ya posta kulikuwa na mtaro wa maji. Mama aliuliza umelowea wapi, mtoto akasema nilikuwa nakimbia. Miaka yote hii viatu vile vilikaa kichwani mwa Kisu bila kazi, kama ufunguo wa mlango usiojulikana.

"Una nini?" Mama Gundi aliuliza. "Umekata vibaya? Kamwambie msimamizi mapema. Usisubiri aambiwe."

"Nitasema."

Hakusema. Alinawa mikono, akavaa shati safi, akauweka ukanda mfukoni, akaenda kwenye uzinduzi. Alijiambia hivi: mdogo wangu ameandika. Amechelewa, lakini ameandika kwa mkono wake. Mimi ndiye niliyekata. Atauona upungufu, atausema kwa mdomo, yataisha.

Ukumbi ulijaa. Mama yao aliketishwa mstari wa mbele, kanga yake mpya bado ina mikunjo ya dukani, na Kisu akakaa ubavuni kwake. Mama alikuwa akimweleza jirani, mwanamke asiyemjua. "Yule pale mbele ndiye aliyefaulu," alisema. Kisha akampiga Kisu pajani kwa upendo. "Huyu mwingine ana mikono mizuri. Kitabu amekikata yeye." Nyuma yao walikaa watoto wa Daktari. Mama aliwageukia. "Mnaona? Someni. Msije mkawa kama baba yenu mkubwa, kutwa mavumbi."

Watoto waliona haya. Kisu aliwakonyeza.

Daktari alisimama, akasema kabla ya yote atasoma hadithi moja, ukurasa wa arobaini na moja. Alisoma vizuri. Sauti yake iliingia kwenye maneno kama mguu kwenye kiatu cha siku nyingi. Akafika kwenye mkono unaopunga. Akanyamaza. Aligeuza ukurasa, akaurudisha. Akapitisha kidole gumba chini kabisa, kwenye ukingo, mahali pa kukatwa. Watu waliona mtu ameshikwa na uchungu, na mwanamke mmoja akafuta macho.

Kisha akainua uso akamtazama kaka yake.

Yalikuwa maneno matatu. Aliyaandika mwenyewe siku mbili kabla, hakuyasahau. Hakuhitaji karatasi. Kisu alisubiri, na mkono wake ulikuwa umekwenda mfukoni wenyewe bila kutumwa.

"Asanteni," Daktari alisema, akafunga kitabu. Ukumbi ukapiga makofi. Mama alipiga mengi kuliko wote.

Baadaye alikuja kumkumbatia Kisu mbele ya watu. "Kaka, mmefanya kazi nzuri." Akampa nakala aliyoiandikia kwenye ukurasa wa kwanza: *Kwa kaka yangu, mwenye mikono mizuri.*

Wiki tatu zikapita bila simu. Zile kanda zilikwenda na magunia mawili kwenye kiwanda cha kuyeyusha karatasi, karibu mia tano zikiwa na maneno yale yale matatu. Ikabaki ile moja.

Siku moja msimamizi aliingia na gazeti, anatembea kama aliyezaa mapacha. Mhakiki mmoja alikuwa ameandika orodha ya hadithi kumi fupi sana zinazostahili kusomwa. Ya kwanza ilikuwa ya ukurasa wa arobaini na moja. Msimamizi alikata kipande kile akakibandika ubaoni, juu kabisa ya neno la Kisu la penseli. Mama Gundi akakisoma kwa sauti akiwa na kikombe mkononi:

"'Hadithi hii ya upendo wa ndugu inajua mahali pa kunyamaza. Mwandishi mchanga angeongeza sentensi moja, akaharibu yote.' Haya Kisu, na wewe umepata mwenzio wa kupendekeza. Tena huyu analipwa."

"Anasoma chai yake ikiwa imeshapoa," Kisu alisema, akarudi kwenye mashine.

Orodha ile iliwafanya watu wakitafute kitabu, na kabla mwezi haujaisha likaagizwa toleo la pili. Daktari alikuja mwenyewe. Msimamizi alimletea kiti, akakipangusa kwa mkono wa shati lake. Kisu aliitwa ili aelezwe idadi. Aliingia, akabaki amesimama.

"Kabla hatujaanza," alisema. "Ukurasa wa arobaini na moja kuna mstari niliukata. Kosa langu, sikutazama ukanda. Safari hii mpangaji aupandishe juu kidogo, uingie."

Msimamizi aliruka kama aliyekalia msumari. "Mstari gani? Mbona sijaambiwa?"

"Ndiyo nakuambia."

Daktari alikuwa akitazama viatu vyake, vizuri, vya ngozi, vikavu. "Aa, kaka. Ule niliuongeza tu dakika ya mwisho. Nimeongea na mhariri. Tumeona uondoke."

"Uondoke."

"Hadithi imesimama bila huo. Hata gazeti limesema."

Msimamizi alishusha pumzi. "Basi una bahati ya mtende, Kisu. Wenzako wakikosea wanaandikiwa barua ya onyo. Wewe ukikosea unasifiwa gazetini."

Kisu alitoka. Daktari akamfuata mpaka kwenye mashine, wakasimama pale ambapo mtambo mkubwa ulizuia watu wengine kusikia.

"Viatu vyako vililowa siku ile," Kisu alisema.

Daktari hakujifanya haelewi. Hilo angalau.

"Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, kaka."

"Najua umri wako. Nilikubeba mgongoni."

"Kwa mdomo nilishindwa. Miaka yote hii nikija kwako nasema leo, nikifika nashindwa. Nikasema ngoja niandike. Nilijua kitabu kitapita mikononi mwako kabla ya mtu yeyote. Utakisoma peke yako."

"Nimesoma."

"Basi umeshajua. Wengine wajue ili iweje? Baba hayupo."

"Mama yupo."

Daktari aligeuka akautazama mtambo.

"Sitaki kitabu," Kisu alisema. "Kitabu kaa nacho, na sifa zake. Nenda kwa mama umwambie maneno yale matatu. Hata usiongeze la nne."

"Ana presha, kaka. Unataka nimuue?"

"Presha anayo miaka kumi. Amezika mume nayo."

"Basi mwambie wewe."

"Nikimwambia mimi atasema ni wivu. Wewe unajua atasema hivyo, ndiyo maana unanituma."

Mtambo ukaendelea kupiga. Daktari alitoa leso, akafuta shingo. Alipoongea tena sauti yake ilikuwa imepata nguvu, ile sauti ya darasani. "Halafu ile ni hadithi, kaka. Ya kubuni. Watu hawasomi hadithi kama hati ya mahakama. Wewe mwenyewe unazipenda zile zinazoacha kitu nje, sivyo? Umeniambia mara ngapi?"

Kisu alimtazama. Ilikuwa kweli, alimwambia. Alimwambia kwamba nzuri ni ile inayokufungia mlango ukiwa nje. Hakujua kwamba siku moja aliyefungiwa nje atakuwa yeye, na mlango ameufunga kwa mguu wake mwenyewe, kwenye kanyagio.

"Nenda zako, Daktari," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo wakiwa wawili.

Toleo la pili lilikatwa Ijumaa. Msimamizi hakusimama nyuma yake, muda ulikuwa mwingi. Kisu alipima kwa ukurasa wa arobaini na moja, akakanyaga, akainama kuokota ukanda wa kwanza. Akaugeuza huku na huku kwenye mwanga. Mweupe kabisa. Akaendelea.

Jumapili alikwenda kumsalimu mama. Kitabu kilikuwa juu ya kabati la vyombo, kimesimamishwa ili mgeni akione. Mama alimwomba arekebishe bawaba ya dirisha. Aliirekebisha. Mama akalifungua na kulifunga mara mbili, akasema, "Si nasema siku zote. Mikono yako." Kisu alikunywa maji, akaaga.

Jumatatu alifika kiwandani kabla ya wengine. Ubaoni kipande cha gazeti kilikuwa kimeshaanza kujikunja. Alikibandua, akakiweka mezani kwa msimamizi bila kukikunja, kwa adabu. Pale palipobaki wazi akabandika ule ukanda. Juu yake akaandika kwa penseli: Soma.

Saa nne watu wakaja na vikombe.

"Hii ndiyo ya wiki hii?" aliuliza mpiga chapa. "Sijakoroga hata sukari, imeshaisha."

"Kisu amezeeka," mwingine akasema. "Mwaka kesho atatubandikia nukta."

Walicheka, wakaenda kukaa kwenye marundo yao. Mama Gundi alibaki ubaoni. Alikuwa ameuona ukanda ule siku ya kufagia, akausahau. Sasa aliusoma taratibu, akausoma tena, chai yake ikitoa mvuke usoni.

"Na ya pili ilikwenda wapi?" aliuliza.

Kisu alikuwa amempa mgongo, anapuliza kikombe chake.

"Kunywa," alisema. "Inapoa."

Mama Gundi hakunywa. Alimtazama mgongoni, akautazama ukanda. Akaanza kumenya gundi vidoleni, kidole kimoja baada ya kingine, mpaka kengele ikalia.